Feri Haijazeeka, Imechoshwa

Wasee wangu, leo sina vichekesho. Nimekuja kubishana.

Kila feri ya Likoni ikipunguza mwendo katikati ya maji, simu hamsini zinachomoka mfukoni. Kabla haijagusa upande wa pili, klipu tayari iko TikTok na maandishi juu yake: "mzee amechoka", "hii chuma ipelekeni Fort Jesus ikae na mizinga". Komenti zinamiminika. Watu wa Nairobi wanacheka, watu wa Mombasa tunajicheka wenyewe, halafu kesho asubuhi tunapanda chuma hiyo hiyo tukienda kazini.

Mimi nasema hivi: tunamcheka mfanyakazi tukimwacha aliyemwajiri. Feri haikujipa kazi ya usiku na mchana. Feri haikujizuia kwenda kwenye chelezo kutengenezwa. Kuna watu ambao wanalipwa mshahara kuamua lini inapumzika, nani anaikagua, na pesa ya spea inatoka wapi. Hao hawaonekani kwenye hata klipu moja. Na bora sisi tunaendelea kucheka chuma, wao wanalala usingizi mzuri.

Kwa wenzangu wa bara ambao hupita pale Disemba mkienda Diani, acha niwapange kidogo. Mombasa ni kisiwa. Kaskazini kuna daraja la Nyali; la kwanza, lile la kuelea, lilifunguliwa 1931, na hili la sasa likaja 1980. Magharibi kuna Makupa, ndiko mnakoingilia na basi. Kusini ndiko hakuna kitu. Kuna mkondo wa maji wa kama nusu kilomita tu, na ndio mlango wa bandari ya Kilindini, kwa hivyo meli za makontena zinapita hapo hapo tunapovukia sisi. Meli ikiingia, feri inangoja. Feri zimekuwa zikivusha watu hapo tangu 1937. Yaani nyanya yangu alivuka kwa feri, mamangu anavuka kwa feri, na mimi na simu yangu ya kamera tatu navuka kwa feri.

Sasa hesabu. Kwa miaka mingi wenye huduma wamekuwa wakitaja watu zaidi ya 300,000 na magari zaidi ya 6,000 kwa siku. Chukua hao 300,000. Hiyo ni Kasarani imejaa mara tano, kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Gawanya kwa saa 24, usiku wa manane ukiwemo, unapata watu 12,500 kila saa. Na sote tunajua watu hawavuki sawasawa usiku na mchana. Wengi wanataka kuvuka asubuhi ile ile na jioni ile ile.

Huo mzigo wote umebebwa na vyombo vichache tu. MV Nyayo, MV Harambee na MV Kilindini ziliingia kazini 1990. Wengi mnaosoma hii hamkuwa mmezaliwa. MV Likoni na MV Kwale zikaja kutoka Ujerumani 2010. MV Jambo ikaja kutoka Uturuki 2017, na MV Safari ikafuata. Kati ya 1990 na 2010, fanyeni hesabu wenyewe, ni miaka ishirini. Likoni ilikua, Ukunda ikakua, hoteli zikaongezeka, mashamba yakawa nyumba za kupangisha. Na wazee ni wale wale watatu wa 1990, hivyo hivyo, kila siku.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya hiyo feri ya 1990. Kila safari, rampu yako inashuka na kusagana na saruji. Lori la mizigo linapanda, unainama. Tuktuk zinapanda, mikokoteni ya maji na viazi inapanda, halafu watu wanaingia kama wamefunguliwa zizi. Unavuka dakika chache, rampu inashuka tena, wote wanatoka, wengine wanaingia. Maji yakitoka, rampu inakaa mteremko mkali na magari madogo yanakwaruza tumbo. Maji ya bamvua yakijaa, kila kitu kinabadilika tena. Mkondo unakusukuma ubavuni, injini inapambana nao. Chumvi inakula chuma usiku na mchana. Huko chini, makome yanajishika kwenye bodi na kukufanya mzito, unachoma mafuta zaidi kwa safari ile ile. Fanya hivyo miaka thelathini, halafu siku moja injini ikikohoa kijana anakurekodi na kuandika "mzee amechoka".

Eti mzee. Sawa, tuongee kuhusu uzee.

Kule Ziwa Tanganyika kuna meli inaitwa MV Liemba. Iliundwa Ujerumani 1913 kwa jina Goetzen, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma na kuunganishwa huko. 1916, vita vikiwa vimewafika shingoni, Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiwaachie maadui. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Meli ambayo ilikaa chini ya maji miaka kadhaa ilikuja kubeba abiria kwa miongo na miongo. Na hapa kwetu, feri ya mabehewa ya Kisumu, MV Uhuru, iliundwa miaka ya 1960. Ililala bandarini zaidi ya miaka kumi, watu wakaisahau, halafu mafundi wakaitengeneza na ikarudi Ziwa Victoria kufanya kazi. Kwa hivyo chuma cha zamani kinaweza kufanya kazi, mradi kuna mtu anakishughulikia.

Sasa geuza upande wa pili. MV Nyerere ya Tanzania, iliyopinduka karibu na kisiwa cha Ukara mnamo 20 Septemba 2018, ilikuwa na miaka kumi na minne tu. Hiyo ni umri wa mtoto wa Fomu One. Iliundwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walipita 220. Na hapa kwetu, 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa karibu kabisa na ufuo na kuua watu 272. Ilikuwa imejaza kupita kiasi. Watu walizama wakiona nchi kavu kwa macho yao. Waulizeni wazee wa Mtongwe, wengine mpaka leo wakifika kwenye maji wanakaa kimya.

Mnaona ninakotaka kufika? Ukiniambia shida ya Likoni ni feri za zamani, umewapa wahusika njia ya kutorokea. Uzee ni kama mvua, hakuna anayeshtakiwa kwa sababu yake. Lakini kujaza kupita kiasi ni uamuzi wa mtu. Kuruka ukaguzi ni uamuzi wa mtu. Kutoa feri baharini bila kurekebisha rampu ni uamuzi wa mtu. Na mtu ana jina, ana ofisi, ana saini.

Tarehe 29 Septemba 2019, gari liliteleza kinyumenyume kutoka MV Harambee likaingia majini na mama na mtoto wake wa kike. Klipu ilikuwepo siku hiyo pia. Nchi nzima iliiona. Ilichukua mpaka 11 Oktoba kulitoa gari pamoja na miili yao. Karibu wiki mbili familia ilikaa pale ufuoni ikitazama maji. Kila mtu alikuwa mtaalamu wa feri wiki hizo. Watu walijua rampu, walijua mikanda, walijua maboya, walijua wapiga mbizi. Halafu kukawa na stori nyingine ya kutrendi, na sisi tukahama nayo. Sitaji majina ya wale waliofariki kwa sababu wao si maudhui. Ninachouliza ni hiki: kati ya wote mliolia mtandaoni wakati huo, ni wangapi leo wanaweza kuniambia feri waliyopanda asubuhi ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Hata mimi siwezi. Na siwezi kwa sababu hakuna mahali pale kivukoni imeandikwa. Ukipanda matatu unaona stika ya ukaguzi kwenye kioo. Ukipanda lifti mjini kuna karatasi yenye tarehe. Ukipanda chombo kinachobeba mamia ya watu juu ya maji marefu, unaona tangazo la kampuni ya simu.

Najua kuna wanaosema, "Lakini si mnavuka bure?" Hii sentensi inanichoma roho kabisa. Ni kweli, anayetembea kwa miguu halipi, anayelipa ni mwenye gari. Lakini nani aliwaambia bure ni zawadi? Kila mtu pale ndani ametoa ushuru kwenye unga, kwenye sabuni, kwenye bando ya simu aliyonayo mkononi. Na zaidi ya ushuru, tunalipa saa. Nilipopata kazi yangu ya kwanza mjini, kwenye duka moja la vitambaa, bosi alikuwa na daftari. Ukichelewa dakika kumi na tano, anakata mia mbili. Ukimwambia feri, anasema, "Hamia mjini basi." Hamia na nini? Nyumba ya chumba kimoja mjini ingemeza mshahara wote na kubaki na njaa. Mwezi mmoja nilirudi nyumbani na mshahara wenye mapengo kama meno ya babu. Kwa hivyo mtu asiniambie kuvuka ni bure. Mimi nililipa, na daftari ilikuwepo.

Na si mimi peke yangu. Mama wa samaki anayefika sokoni kama wateja wa hoteli wamekwisha kununua, amelipa. Mtoto wa shule anayefungiwa geti, amelipa. Mgonjwa aliyelala kwenye ambulensi upande wa Likoni, na hospitali kubwa iko kisiwani, huyo sitaki hata kusema analipa nini.

Halafu kuna hii barabara ya Dongo Kundu. Barabara nzuri, sikatai. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa 2018, na sasa imefunguka hadi upande wa kusini kupitia daraja la Mteza. Mwenye gari anayetoka Nairobi kwenda Diani anaweza kuzunguka bila kuona feri hata kwa mbali. Wengi wanashangilia, "Shida ya Likoni imeisha!" Imeisha ya nani? Mama mwenye beseni atatembea mzunguko wote huo? Anayeishi Likoni na kufanya kazi mjini, ng'ambo tu ya maji, atapanda matatu kuzunguka bara nzima kufika mahali anapopaona kutoka mlangoni kwake?

Na hapa ndipo naomba mnisome polepole, kwa sababu hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuandika leo. Feri ya Likoni iliangaliwa kidogo, hata kwa kusukumwa, kwa sababu wakubwa pia walikwama pale. Mtalii alikwama. Mwenye hoteli alikwama. Mheshimiwa na msafara wake walikwama. Wakikwama wao, simu zinapigwa. Sasa hao wote wamepewa njia yao. Gari likiondoka kivukoni linaondoka na pesa ya tiketi, na linaondoka na sauti ya mwenyewe. Anayebaki ni mtembea kwa miguu, ambaye halipi tiketi na hana namba ya waziri. Kama tunadhani feri ilisahauliwa tukiwa na matajiri ndani yake, ngojeni muone itakuwaje tukibaki sisi wenyewe.

Kuna pia wale wa "subirini daraja". Hadithi ya daraja kubwa la kuvuka mkondo huu nimeisikia tangu nikiwa chekechea. Mchoro tumeuona, mzuri sana, taa za rangi na mawingu. Silipingi daraja, likija nitakuwa wa kwanza kulirekodi. Lakini daraja ambalo halijajengwa haliwezi kuwa sababu ya kutotengeneza feri ambayo watu wako ndani yake sasa hivi. Ukiwa na njaa leo, mtu hakwambii usipike kwa sababu kuna harusi mwaka ujao.

Na msiniambie mambo haya huchukua muda. Reli ya SGR, zaidi ya kilomita 470 kutoka Mombasa hadi Nairobi, ilizinduliwa 2017, ikapita mbugani na juu ya mito. Korona ilipokuja 2020 na msongamano wa feri ukaanza kuogopesha watu, daraja la miguu la kuelea la Liwatoni lilijengwa kwa miezi, si miaka, na mwanzoni mwa 2021 watu wakawa wanatembea juu ya maji. Miezi! Kwa hivyo uwezo upo, mafundi wapo. Kinachokosekana ni mtu wa juu kuhisi kwamba hili linamhusu.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo naiheshimu. Wanasema abiria nasi ni shida. Tunasukumana, tunaruka kabla rampu haijashuka vizuri, madereva wanakataa kushuka kwenye magari, vijana wanakaa juu ya reli za pembeni wakipiga selfi. Ni kweli, na ikome. Lakini angalia: watu husukumana mahali ambapo hawajui chombo kingine kinakuja saa ngapi. Niambie feri ijayo inafika baada ya dakika kumi, na iwe kweli siku zote, uone kama nitakanyaga mtoto wa mtu ili niingie kwenye hii.

Wengine watasema nunueni mpya tu, yaishe. Zikija, karibu. Lakini mpya inazeeka pia. Siku ya kuipokea kutakuwa na utepe, ngoma, mahema na hotuba. Siku ya kuibadilisha oili hakuna utepe. Sijawahi kuona mheshimiwa akikata keki kwa sababu feri imepelekwa kwenye chelezo kwa wakati, na ndiyo maana haipelekwi kwa hamu ile ile. Feri mpya isiyo na ratiba ya matengenezo ni feri nzee inayosubiri zamu yake.

Kwa hivyo mimi sidai muujiza. Nadai vitu vinne ambavyo hata saluni ya mtaani ingeweza kufanya.

Moja, bango kubwa pande zote mbili, kisiwani na Likoni: leo zinafanya kazi feri hizi, ziko kwenye matengenezo hizi, zitarudi tarehe hii.

Mbili, kila feri iwe na tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho na idadi ya watu inayoruhusiwa, imeandikwa mahali abiria anaweza kusoma akiingia, si kwenye faili la mtu.

Tatu, pesa ya matengenezo itengwe peke yake kwenye bajeti, na isiguswe kwa kitu kingine. Spea isingoje kununuliwa baada ya injini kuzima katikati ya mkondo.

Nne, wabunge na viongozi wetu wa Mombasa na Kwale waulizwe hili swali kila mwaka wa bajeti, si kila mwaka wa kura.

Na nyinyi waundaji wenzangu, sisemi muache kurekodi. Rekodini! Simu zetu ndizo zilizofanya nchi ione 2019. Lakini ongeza sekunde kumi. Ukishaonyesha feri imesimama, geuza kamera na uulize: iko nini, inaitwa nani, iliingia kazini mwaka gani, ilikaguliwa lini, na nani ndiye wa kujibu. Jina la chombo liko ubavuni, limeandikwa kwa herufi kubwa. Wafanyakazi wa pale, wale wa jaketi za rangi ya machungwa wanaopiga filimbi juani siku nzima, msiwatukane. Wao wako ndani ya chuma hicho hicho na sisi, na kikizama wanazama nasi.

Vicheko vyetu vimekuwa vya bei rahisi sana kwa watu fulani. Feri ikikwama kesho, nataka swali lipande kwenye komenti kabla ya emoji ya kwanza: "Ilikaguliwa lini?" Liandikeni hivyo hivyo, kila klipu, kila ukurasa, mpaka mtu achoke kuliona na aamue kulijibu.

Anza hapa chini. Taja feri uliyopanda mwisho, na siku yenyewe. Tuanze kuweka daftari yetu pia.